Barua kwa mwanangu: kwa nini siombi tagi peke yangu

Mama, hujambo. Natumai joto la huko Phoenix halijakumaliza. Meseji yako niliisoma nikiwa kazini nikaona nikikujibu palepale kwa kidole gumba ntaandika ujinga, ikabidi ningoje leo Jumapili, mama yako ameenda kwa chama nyumba imetulia, nina chai yangu ya tangawizi hapa sasa nijibu vizuri. Uliniuliza hivi: "Baba mbona huombi tagi ya kulungu peke yako? Pointi unazo nyingi, hao wazee wa kundi lako la kuwinda wanakushusha, ungekuwa ushaenda Kaibab kitambo." Swali zuri. Na mahesabu yako yako sawa kabisa, hatukulipa karo ya uhasibu bure.

Nimeyarudia mwenyewe kwa karatasi. Droo ya Arizona, ile bahati nasibu ya serikali inayogawa tagi, yaani kibali cha kuwinda mnyama mmoja, kila pointi uliyojiwekea ukiomba ukakosa ni kama unaongezewa namba moja ya bahati, kompyuta inachukua ile namba yako ya chini kabisa, alafu asilimia 20 ya tagi zinawekwa kando kwa wenye pointi nyingi zaidi. Mkiomba kama kundi wanajumlisha pointi zenu zote wanagawanya kwa idadi yenu. Mimi nina zangu, ukiweka ile ya kozi ya usalama tuliyofanya na wewe ukiwa shule ya msingi (ulinishinda kwa mtihani na hujawahi kuniacha nisahau), na ile ya kuomba miaka mitano mfululizo, hizo mbili hazitoki hata nikipata tagi. Kwa wenzangu, Mzee wa migodi ana za kutosha. Mwalimu ana za wastani. Alafu tangu yule mwenzetu wa kwanza ahamie Texas tukamchukua Mkongo, na Mkongo alikuja na sifuri. Juu ya hapo kundi halikatwi, tukiwa wanne na tagi zimebaki tatu wanaturuka wanaenda kwa mwingine. Kwa hivyo ndio, kwa karatasi naumia mara mbili.

Sasa Kaibab. Usifikiri sijaitamani. Ni juu kule kaskazini karibu na ukingo wa Grand Canyon, msitu wa misonobari, baridi, kulungu wakubwa na pembe zao usiseme. Rais Theodore Roosevelt aliigeuza hifadhi ya wanyama mwaka wa 1906, wakaua mapuma na koyote (mbweha wa huku) wote waliowaona, kulungu wakajaa wakamaliza majani mpaka miaka ya 1920 wakaanza kufa njaa kwa maelfu. Watu wanasubiri tagi za kule miaka na miaka. Lakini tuseme nimeipata, mimi peke yangu na jina langu peke yake. Nafika kule na pikap yangu, napiga hema, naamka saa kumi alfajiri, alafu? Nitamwambia nani "umemuona"?

Manake huku kwetu jangwani, mama, kazi yenyewe ni kuona. Wewe ulikuja mara moja ukiwa mdogo ukalala kwa gari, sikulaumu. Sisi tunaenda lile bonde la Altar, unatoka Three Points unashika barabara ya 286 inayoteremka mpaka Sasabe mpakani, na mlima wa Baboquivari umesimama upande wa magharibi muda wote, ule ambao Watohono O'odham, wenyeji wa asili wa huku, wanauheshimu kuwa ndiko makao ya I'itoi, muumba wao. Nyasi, cholla (ile kakati ya miiba inayonasa), palo verde, na mesquite kila mahali, ndugu yake na ile mathenge inayosumbua watu wa Baringo, miiba ni ileile. Kulungu wa jangwani ni wachache na wametawanyika, si kama wale wa kaskazini. Ukisema utatembea uwakute utatembea mpaka viatu viishe, wao wamekuona zamani, yale masikio makubwa kama ya punda hawayabebi bure, na akishtuka haendi kwa kukimbia, anaruka miguu yote minne kwa pamoja tap tap tap mpaka nyuma ya kilima na siku yako imeisha.

Kwa hivyo tunapanda kakilima kabla ya jua, tunaweka darubini kwa stendi za miguu mitatu, kila mtu anapewa kipande chake cha bonde, tunakaa. Ni hivyo tu. Unaanza na mahali jua linagonga kwanza, manake asubuhi ya baridi wanatoka kuota jua, baadaye ukiona limepanda unahamia vivuli. Hauangalii kulungu mzima. Mtu mgeni anatafuta kulungu mzima kama alivyo kwa picha, na hamuoni. Mwaka mmoja nimekaa na mti mmoja wa palo verde mbele ya macho yangu karibu saa nzima, mti tu, kivuli na mawe ya kijivu chini yake, nimeshautoa kwa hesabu, alafu Mkongo akanigusa goti na ile Kiswahili yake, "Muzee, angalia, sikio iko inatikisika." Nikasema sikio wapi bana. Akanielekeza, jiwe la tatu kutoka kwa shina. Na kweli, lile jiwe likafukuza nzi. Baada ya hapo ndio nikaona jicho, pua, alafu pembe ambayo nilikuwa nadhani ni tawi kavu, na dume mwingine amelala nyuma yake, wote walikuwa hapo tangu nifike.

Najua utaniambia huyo Mkongo hata hapigi. Ni kweli hapigi. Mwaka ule wa kwanza tulipopata tagi pamoja naye alilipa yake, akaiweka mfukoni, tagi ikarudi safi, na bunduki hakuigusa kwa sababu kwao mtu mwenye bunduki porini ana maana nyingine na mimi siwezi kumwambia asahau, nani amenipa hiyo ruhusa. Ila yeye amekua akichunga ng'ombe kule milimani juu ya Uvira, tangu mtoto kazi yake ilikuwa kutafuta mnyama aliyepotea kwa bonde la upande wa pili, sasa wewe nipe darubini ya bei gani ishindane na hiyo. Ukiniuliza mimi huyo mwenye sifuri ndiye anatulisha.

Alafu kuna kubeba. Hapa ndipo watu wa intaneti hawapigi picha. Dume mkubwa anapita kilo 80, na mara zote, sijui kwa nini, anaanguka mbali na barabara na upande wa pili wa korongo. Na huku Novemba mchana bado inafika digrii 25 na kupita, nyama haingoji. Ukishafunga tagi kwa mnyama kama sheria inavyotaka, unatumbua haraka, unachuna ngozi hapohapo ili joto litoke, vipande vinaingia kwa mifuko ya kitambaa vinaning'inizwa kivulini upepo uvipige, wakati wengine wamerudi kambini kuleta maji na mabegi. Ukiacha nyama inayolika iharibike hapa ni kosa la sheria, na hata kama isingekuwa sheria, bibi yako angenilaani kutoka Voi. Sisi tunagawana: paja hapa, paja pale, mikono na mgongo, wa mwisho anabeba shingo na kichwa, na tunafika na mwanga wa tochi, Mzee wa migodi anatukana kwa Kispanyola, kila mtu ana cholla imemng'ang'ania mahali, na tunazitoa na kichana, usijaribu kamwe kwa mkono kwa sababu itahamia mkono. Hiyo kazi peke yangu, kwa umri huu, na hili goti? Kaibab ningempiga huyo dume mkubwa alafu nikae kando yake nilie.

Mwalimu ndiye mpishi siku hizi, mguu umemkataa. Anakaa kambini, anapika maharagwe na tortilla, usiku anatuonyesha nyota ambazo hatujauliza. Kambi tunaweka mbali na maji, manake sheria hairuhusu kulala ndani ya robo maili ya kisima au birika la wanyama ukawazuia wasinywe. Na hayo mabirika ni ya kuheshimu sana, idara ya wanyama imekuwa ikiyajenga jangwani tangu miaka ya 1940, na kiangazi kikikaza wanapeleka maji kwa malori. Asubuhi mimi napika ugali kidogo na ini, Mzee wa migodi siku ya kwanza alikataa, saa hizi anauliza kabla sijawasha moto.

Nyama inagawanywa sehemu nne sawasawa, haijalishi nani amepiga, haijalishi nani alikuwa kambini anakoroga maharagwe. Hapo nikuulize wewe mhasibu: mama yako kwa chama chake, mtu mpya akiingia si anapewa zamu kama wengine, ama wanamwambia ngoja kwanza tufanye wastani? Lile boksi la nyirinyiri nililokutumia Krismasi, ulisifu mpaka ukampa mwenzako wa kazini, paja lile halikutoka kwa bunduki yangu.

Kuna lingine sikuwa nataka kuliandika lakini wewe ni mtu mzima. Lile bonde liko karibu na mpaka, askari wapo, vizuizi vipo barabarani, helikopta inapita. Mtu mweusi peke yake, na kombati, na bunduki, saa kumi na moja asubuhi, Kiingereza chake cha Voi... Sisemi kuna kitu kimenitokea. Lakini tukiwa wanne kwa gari moja, mmoja ni Mzungu mwalimu mstaafu ambaye nusu ya hao vijana wa doria amewafundisha hesabu, mmoja ni Mmeksiko aliyezaliwa hukuhuku, tunasalimiana, tunaulizwa mmeona nini, tunaenda zetu. Mimi napenda kulala usingizi nikiwa porini. Mama yako naye anapenda kulala usingizi nikiwa porini.

Na bibi yako mpaka leo nikimpigia anauliza kwa sauti ya chini, "hawajakushika?" Haamini. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka wa 1977, sisi tuliokulia kando ya Tsavo nyama ya swara ilikuwa inaliwa usiku na milango imefungwa, na tembo akimaliza shamba lako unamuangalia tu. Nimemtumia picha ya leseni yangu, ina jina, ina namba, akaniambia hata ile ya bandia huwa na namba. Kwake mtu anayewinda ni jangili au ni tajiri wa Kizungu, na mimi si tajiri. Sasa mimi kupewa karatasi na serikali yenyewe kwamba mnyama mmoja ni wangu, kihalali, mchana kweupe, na wenzangu watatu wana karatasi zao pia, we acha tu. Sijui kama wewe uliyekulia hapa unaweza kuisikia hiyo.

Miaka ile droo inapotukataa unajua hatukai nyumbani, tunanunua tagi za upinde dukani tunaenda Januari, hizo hazigusi pointi zako. Januari ni wakati wao wa kupandana, madume wanafuata majike mchana bila akili, ndio nafasi ya mtu mwenye mshale. Siku hizi lazima uripoti ndani ya masaa 48 ukipata, kila yuniti, yaani eneo la kuwindia, ina idadi yake na ikifika wanafunga. Zile kamera za kufunga kwa miti pia hazikubaliki tena kwa uwindaji tangu Januari 2022. Mzee wa migodi alilalamika mwaka mzima, mimi nilifurahi, manake mchezo ulishakuwa wa kuangalia simu badala ya kuangalia bonde. Na upinde mara nyingi tunarudi na vumbi tu, unajua, ulishanicheka vya kutosha.

Kwa hivyo jibu langu ni hapana, sitoki kwa kundi. Kaibab ukiitaka iombe wewe, una pointi zako zimekaa tu, na ukiipata mimi nitakuja kubeba na kupika bure.

Sasa kazi ya ofisi, manake droo ya kulungu inafungwa mwanzo wa mwezi wa sita na mimi hiyo tovuti inanichanganya. Ingiza majina yale manne kama mwaka uliopita, yuniti ya kwanza na ya pili usibadilishe. Angalia leseni yangu kama haitaisha kabla ya siku ya mwisho, na kadi ya benki tumia ile mpya, ya zamani walifunga, tusije tukakataliwa kwa sababu ya kijinga. Ya Mkongo weka kwa kadi yangu, tumeshaelewana mimi na yeye. Na Mwalimu muwekee ile bima ya pointi, anafanyiwa upasuaji wa goti mwezi wa tisa na daktari hajamwambia atapona lini, akishindwa kwenda anarudisha tagi kabla msimu haujafunguliwa na pointi zake anabaki nazo. Hakikisha kwanza ana akaunti yake kule kwa tovuti, bila hiyo bima haishiki. Nimemwambia utampigia simu, atakuweka nusu saa akikueleza habari ya sayari ya Zohali, vumilia.

Baba yako