Seli Nyeupe Iliyonikata Mshahara

Juma lililopita msomaji mmoja wa Changamwe, anayetunza hesabu za magari ya kukodisha, aliniandikia kuhusu maelezo yangu ya kuifanya Excel, programu ya majedwali, ijipakie rangi yenyewe: "Dada, nimefuata maelezo yako, lakini jedwali lote limekuwa jekundu, hata mistari ambayo sijaandika kitu. Nimekosea wapi?" Nilimjibu siku hiyohiyo, na jibu lake nitalirudia hapa chini. Hata hivyo, swali lake lilinirudisha kwenye kosa langu mwenyewe, ambalo lilikuwa kinyume cha lake: yeye aliona wekundu pasipostahili, mimi niliona weupe palipokuwa pakiungua.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa kwanza kwenye ofisi ya wakala wa forodha, karibu na Mwembe Tayari, na kazi yangu ilikuwa kufuatilia kontena zilizoshushwa Kilindini, bandari ya Mombasa. Mzigo hupewa siku chache za kukaa bandarini bure. Zikipita, malipo ya kuhifadhi huanza kuhesabiwa. Siku hizo za mwisho zilikuwa zikiandikwa katika daftari kubwa ambalo kila mtu alilichukua na hakuna aliyelirudisha mahali pake. Nikajitolea kuzihamishia kwenye Excel, na nikaamua kwamba jedwali lenyewe ndilo litakalotukumbusha. Hiyo ndiyo kazi ya uumbizaji wa masharti: unaipa programu sharti, na kila seli, yaani kisanduku cha jedwali, inayolitimiza hupakwa rangi uliyoichagua bila wewe kuigusa.

Nilichagua eneo lote kuanzia A2, nikatengeneza kanuni mpya ya kutumia fomula, nikaandika =$F2<=TODAY()+2, kwa kuwa safu wima ya F ndiyo iliyobeba siku ya mwisho ya bure. TODAY() ni tarehe ya leo, kwa hiyo maana yake ni kwamba siku hiyo ikiwa imepita, au ikiwa zimebaki siku mbili au pungufu, mstari mzima uwe mwekundu. Alama ya dola mbele ya F ndiyo inayoufanya mstari mzima uitazame safu hiyo moja. Ukiiacha, kila safu itatazama safu yake tofauti na rangi zitatawanyika ovyo. Ilikuwa tarehe 1 Machi. Mistari mitatu, ya tarehe 1, 2 na 3, ikawa myekundu mbele ya macho yangu. Nilimwita mzee mwenye ofisi aje kuona, na sitaficha kwamba siku ile nilijiona nimefika.

Kontena iliyofuata ilikuwa ya tarehe 14. Tarehe 12 mstari wake ulikuwa mweupe, tarehe 14 ulikuwa mweupe, na tarehe 17, mwenye mzigo alipoingia ofisini na karatasi ya malipo mkononi, bado ulikuwa mweupe. Mzee alimwambia mbele yangu, "Ni huyu msichana na kompyuta yake." Nilikatwa mshahara kwa miezi mitatu. Fedha zile nimekwisha kuzisahau, lakini maneno yale huyasikia kila ninapopita njia ile.

Ilinichukua usiku mzima kuelewa. Kompyuta ilikuwa ya mtumba na ilikuja na mpangilio wa tarehe wa Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Nilipoandika 14/03 na mwaka wake, programu ilitafuta mwezi wa 14, haikuupata, ikayachukua niliyoandika kuwa maandishi tu. Na katika Excel, ambako tarehe huhesabiwa kama namba, maandishi yakilinganishwa na namba huhesabiwa siku zote kuwa makubwa zaidi. Sharti langu lisingetimia hata baada ya miaka 10. Na ile mistari mitatu iliyonifurahisha? 01/03 ilisomwa kuwa 3 Januari, 02/03 ikasomwa kuwa 3 Februari, na 03/03 haibadiliki hata ukiigeuza. Rangi ilikuwa sahihi, sababu ilikuwa ya uongo, nami nilikuwa nimeshaita watu kuja kutazama.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kabla ya kuiamini rangi, itazameni tarehe yenyewe. Tarehe ya kweli hujipanga upande wa kulia wa seli. Iliyogeuka maandishi hujipanga kushoto, isipokuwa kama mmeupanga upande wenyewe kwa mkono. Ongezeni kanuni ya pili, =ISTEXT($F2), yaani "kama ni maandishi", ya rangi ya manjano, ili tarehe mbovu ijitangaze. Tena andikeni mwezi kwa herufi, kama 14-Mar, ili siku na mwezi visibadilishane nafasi.

Ndugu yangu wa Changamwe, tatizo lako ni kwamba seli tupu huhesabiwa kuwa sifuri, na sifuri ni ndogo kuliko tarehe yoyote ya leo. Andika =AND($F2<>"",$F2<=TODAY()+2), yaani kwanza seli isiwe tupu, na wekundu wa bure utaondoka.

Matoleo ya kabla ya Excel 2007 yaliruhusu masharti matatu tu kwa seli moja. Kikomo hicho kimeondolewa, na ninaona watu wakipaka rangi saba katika jedwali la mistari 20, mpaka nyekundu haina uzito tena. Msifanye hivyo. Ninyi mnaonisoma mnataka kuwa watu ambao ofisi haiendi bila wao, kama ninavyotaka mimi, na mtu wa namna hiyo haridhiki kuona rangi imetokea. Huuliza pia kwa nini pale pengine haikutokea.

Jedwali langu la leo hutumiwa na ofisi nzima, na mstari wake wa 2 hauna kontena. Kila asubuhi huandika humo tarehe 25 ya mwezi uliopita, kwa tarakimu tupu. Ukiwa mwekundu, ninaufuta na kuanza kazi. Usipokuwa, simu ya kwanza ninayopiga ni ya bandarini, nikiwa na daftari mkononi.