"Mwalimu, wewe chama gani?"

Juzi kijana mmoja anayesomesha Historia Unguja ameniandikia. Mwanafunzi wake wa kidato cha tatu alimuuliza mbele ya wenzake, "Mwalimu, wewe chama gani?" Darasa likaangua kicheko, naye akajifanya anatafuta chaki. Anataka kujua angejibu nini.

Mimi nimesomesha Pemba tangu kabla ya uchaguzi wa 1995, na sidhani kama nimewahi kuwa na darasa lisiloniuliza suali hilo. Jibu langu: usiseme. Lakini nawe usijidanganye kwamba ukinyamaza hawajui. Visiwa vyetu vidogo. Wanajua baba yako alikuwa akikaa barza gani na sukari unanunua duka la nani. Mwalimu anayesimama Wete au Konde akasema "mimi sina upande" wanamchekea tumboni.

Mtoto anapouliza chama chako, aghalabu anatafuta jambo jengine: nikikupinga, nitapona? Insha yangu utaisahihisha kwa kalamu ile ile unayomsahihishia mtoto wa mwenzako? Hilo huwezi kumjibu kwa maneno. Atakuangalia mwaka mzima.

Waliokuwapo 1995 wanakumbuka. Urais wa Zanzibar ulitangazwa kwa asilimia 50.2 za CCM dhidi ya 49.8 za CUF, na watu wakasusiana: maduka, harusi, hata mazishi. Watoto wa watu hao hao walikuwa wanakaa dawati moja kwangu. Mwalimu mwenzetu mmoja aliingia darasani asubuhi moja akamwambia mtoto wa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa, "Mwambie baba yako tumeyaona." Maneno manne tu. Mtoto yule hakurudi skuli muhula mzima. Yule mwalimu alikuwa wa upande gani sikwambii, kwa sababu nimewaona wa upande wa pili wakifanya yale yale, tena kwa maneno makali zaidi.

Na kuna sababu nyengine ambayo walimu vijana hawaifikirii. Siku ya uchaguzi skuli yako ndiyo kituo cha kura, na katika wanaokaa mezani na kuhesabu, walimu hawakosekani. Januari 1961 jimbo la Chake Chake lilichukuliwa na chama cha Afro-Shirazi (ASP) kwa kura moja. Kura moja! Mzazi aliyesikia kutoka kwa mwanawe namna unavyokisifu chama chako, atakuaminije ukiwa umeshika karatasi yake?

Lakini kutosema chama si kukimbia siasa, na hapa ndipo ninapokosana na wakubwa wengi wa elimu. Mimi nilikuwa naandika ubaoni matokeo ya Julai 1963: ASP asilimia 54 ya kura, viti 13, ZNP, yaani Hizbu, na mshirika wake ZPPP kwa pamoja viti 18. Halafu nauliza, "Nani alishinda?" na kukaa. Sharti langu lilikuwa moja: kila mtu atetee kwanza upande ambao si wa kwao. Mjukuu wa Hizbu atetee Afro, na wa Afro atetee Hizbu. Wallahi, sijaona kipindi kilichochangamka kama hicho. Walikuwa wanakwenda nyumbani kuwauliza wazee wao mambo ambayo hayakuwahi kuulizwa.

Kipindi hicho ndicho kilichoniponza. Ikapita habari kwamba nawafundisha watoto uchochezi. Barua ya uhamisho haikuitaja sababu hiyo, lakini mdomo wa mtu uliitaja kabla ya barua kufika. Nikapelekwa skuli ya mbali, daladala mbili na mguu juu yake. Aliyepeleka maneno tulikuwa tunakula sinia moja naye. Tunasalimiana mpaka leo, tena vizuri tu. Kusahau sijasahau.

Kule nilikopelekwa niliandika ubaoni tarakimu zile zile, wiki ya kwanza.

Kisha ukaja Oktoba 2015. Kura zilipigwa tarehe 25, tarehe 28 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar akatangaza kuwa uchaguzi umefutwa. Wanafunzi walirudi darasani wamevimba. Ningefanya nini, nisomeshe ukoloni wa Kijerumani kama kwamba hakukutokea kitu? Niliwapa Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 119 kinachohusu Tume hiyo na vinavyokifuatia, nikawataka wanionyeshe uwezo wa kufuta uchaguzi umeandikwa wapi. Siku ya pili nikawageuza: haya, tetea sababu alizozitaja Mwenyekiti, kwamba vituo vyengine Pemba kura zilizidi walioandikishwa. Walinung'unika, wakatetea. Mtu atasema suali langu la siku ya kwanza lina upande. Linao. Kwetu suali la siasa lisilo na upande halifai hata kuulizwa. Ndiyo maana likawepo la siku ya pili.

Wako wanaoniambia, Maalim, huo ni woga. Mbona Maalim Seif Sharif Hamad, kiongozi wa upinzani, alitoka darasani? Mbona Aboud Jumbe, Rais wa pili wa Zanzibar, alikuwa mwalimu? Kweli, siasa za visiwa hivi zimepikwa na watu wa chaki, na hilo jina la "Maalim" Seif alilipata darasani, si jukwaani. Hata huko bara, Nyerere alikuwa akisomesha Pugu. Lakini mwaka 1955 alipotakiwa achague baina ya ualimu na siasa, aliacha kazi. Ukiona siasa inakuwasha, jukwaa lipo, nenda. Huko watu wazima watakuzomea na wewe utawajibu. Mtoto wa miaka kumi na tano hawezi kukuzomea, anasubiri alama zako. Ndugu zangu walimu, tumuogope Mungu katika hili. Mzazi amekukabidhi mwana, hakukukabidhi kura.

Idd iliyopita walinijia vijana wawili niliowasomesha, mmoja anafanya kazi chama hichi na mwengine chama kile. Wamekuja gari moja. Wakabishana ukumbini kwangu kuhusu 1963 mpaka mama watoto akaondoa kahawa. Nilifurahi nusura nilie, na wale walioniandikia uhamisho nilitamani wawepo.

Kwa hiyo, kijana wangu, siku akikuuliza tena muulize yeye: "Unadhani chama gani, na kipi nilichokifanya kilichokufanya udhani hivyo?" Sikiliza jibu kwa makini, maana humo utajisikia mwenyewe. Kama anasema ni kwa sababu ya alama, rudia kusahihisha. Na ile picha yako ya WhatsApp yenye rangi za chama, iondoe usiku huu. Kundi la wazazi wote wanaiona.