Programu yangu inanyimwa poti 80: niiendeshe kama root?

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Kibirizi, hapa Kigoma. Nimeandika programu ndogo kwa lugha ya Go inayoonyesha bei ya dagaa ya siku, wanunuzi wa mwaloni waifungue kwa simu wakiwa kwenye waifai ya ofisi yetu. Iko ndani ya kontena (chumba kilichotengwa ndani ya mashine kwa ajili ya programu) la Podman lenye anwani yake ya IP, inaendeshwa na mtumiaji wa kawaida namba 1000. Kwenye poti 8080 (poti ni mlango wa mtandao wenye namba) inafanya kazi, lakini watu wanasahau kuandika hiyo namba. Nikiihamishia poti 80, ambayo kivinjari huitumia bila kuandikiwa namba, inakufa papo hapo, inasema imekataliwa ruhusa. Rafiki yangu wa Tabora anatumia Docker, programu nyingine ya kontena, na programu hiyohiyo kwake inakubali. Ananishauri niiendeshe kama root, yaani mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote, yaishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Usiiendeshe kama root. Nakuomba kabisa.

Mwaka 2019 nilikuwa natunza seva ya duka moja la jumla hapa mjini. Programu ya kupokea picha za risiti niliiendesha kama root kwa sababu hiihii yako, poti 80. Asubuhi moja nikafika, feni ya seva naisikia tangu mlangoni. Kuna mtu alipakia faili lisilo picha, programu ikaliendesha, na kwa kuwa programu ilikuwa root, lile faili nalo likawa root. Lilishajiandika kwenye cron (ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe) na kufuta kumbukumbu za mfumo, hata sikuweza kujua limegusa nini na limeacha nini. Nikafuta diski yote, nikarudisha nakala ya wiki tatu nyuma. Mhasibu wa duka, mama wa makamo, alikaa siku nne akiingiza upya risiti moja moja kutoka kwenye mabunda yaliyofungwa kwa mpira. Nilikaa pembeni yake nikimsomea namba.

Usijipe moyo kwamba wewe uko ndani ya kontena. Kama hukutenganisha namba za watumiaji, root wa ndani na root wa nje ni yuleyule, namba 0.

Kizuizi chenyewe ni cha zamani. Kilitoka kwenye Unix ya BSD miaka ya 1980, enzi ambazo mashine moja kubwa ilitumiwa na watu wengi na msimamizi alikuwa mmoja. Poti zilizo chini ya 1024 aliachiwa root peke yake, na programu kama rlogin, ya kuingia kwenye mashine nyingine kwa mtandao, zikawa zinaamini kwamba ombi linalotoka poti hizo limepita mikononi mwa msimamizi. Ndani ya kontena lako hakuna watu wengi. Kuna programu moja tu, ya bei za dagaa. Haina wa kugombania naye poti.

Tangu toleo la 4.11 la keneli (kiini) ya Linux, mwaka 2017, mpaka huo unaweza kuusogeza, na kila eneo la mtandao lina mpaka wake. Kontena lako lina mtandao wake, kwa hiyo ukiushusha humo, mashine inayolibeba haiguswi. Unapowasha kontena ongeza hivi:

--sysctl net.ipv4.ip_unprivileged_port_start=80

Maana yake ni kwamba kuanzia 80 kwenda juu, mtumiaji yeyote wa humo ndani anaruhusiwa. Hapo 443, poti ya https, nayo imeingia. Poti 22, 25 na 53 zinabaki zimefungwa, ndiyo maana mimi naandika 80, siandiki 0.

Sasa, rafiki yako wa Tabora hana ujanja wowote wa ziada. Docker, tangu toleo la 20.10 la mwaka 2020, inaweka mpaka huo kwenye 0 yenyewe katika kila kontena lenye mtandao wake. Podman inakuachia uamue mwenyewe.

Utakutana na watu watakaokwambia utumie setcap, yaani kulipa faili la programu idhini ya poti ndogo. Kwa Go inawezekana, lakini kila ukijenga programu upya idhini inapotea, na utakuja kusahau siku ambayo mwaloni umejaa. Kwa Python ni mbaya zaidi: idhini unaipa Python yenyewe, na kila skripti itakayopita humo inaipata.

Jambo moja la kuangalia: usiwashe kontena kwa --network host. Hapo linatumia mtandao wa mashine yenyewe, na mpaka utakaohitaji kuusogeza ni wa mashine nzima.

Ukimaliza, ingia ndani ya kontena uandike id. Ikitoka 1000, chukua simu ya mnunuzi mmoja, andika anwani bila namba ya poti, uone kama bei zinafunguka. Zikigoma, nitumie maneno yote ya kosa kama yalivyo.