Mweka Hazina Anayetetemeka

Karatasi ndiyo iliyokuwa ikinisaliti. Mimi ni mweka hazina wa chama cha wauza mitumba pale Kibuye, Kisumu, na kila Januari lazima nisimame mbele ya wanachama nisome hesabu ya mwaka. Hesabu naijua kama jina langu. Lakini nikiishika ile karatasi, mikono inatetemeka mpaka karatasi inalia kama jani la mgomba kwenye upepo wa ziwa. Sasa niambie, mweka hazina anayetetemeka akisoma pesa za watu, nani atamwamini? Mwaka juzi nilimsikia mama wa mstari wa mbele akimnong'oneza mwenzake, "Huyu amekula." Sikuwa nimekula hata shilingi.

Nilijaribu maombi, maji moto, hata kuandika hesabu kwenye kadi ngumu isiyopiga kelele (hiyo ilisaidia kidogo, nakupa bure). Mwishowe nilienda kwa daktari kwa aibu, maana utamwambiaje mtu kwamba unaumwa na mkutano? Hakucheka. Alinipima presha na mapigo ya moyo, akaniuliza mara mbili kama nina pumu au niliwahi kuwa nayo utotoni. Kisha akaniandikia propranololi, miligramu 10. Hiyo ni dozi yangu mimi. Yako ataijua atakayekupima wewe.

Kijana wa duka la dawa aliniangalia kwa huruma. "Pole mama. Presha imeanza lini?" Nikashtuka. Sina presha! Baadaye ndipo nikaelewa: dawa hii hutumika pia kwa presha na moyo. Dawa hii ilitokana na kazi ya Mskoti James Black miaka ya 1960, akiwatafutia nafuu watu wanaoumwa kifua kwa sababu moyo haupati damu ya kutosha. Mwaka 1988 alipewa Tuzo ya Nobel. Ukiogopa, mwili humwaga homoni iitwayo adrenalini, nayo hukimbilia vipokezi, yaani sehemu za kuipokea, vilivyo kwenye moyo na misuli. Hapo ndipo moyo unapodunda na mikono kucheza. Propranololi huwahi kukalia vipokezi hivyo, kama abiria aliyewahi viti vya matatu. Adrenalini ikifika inakuta pamejaa.

Hata wapiga shabaha wamepigwa marufuku kuitumia. Katika Olimpiki ya Beijing ya 2008, Kim Jong-su wa Korea Kaskazini alinyang'anywa medali mbili baada ya kupimwa akakutwa nayo. Niliposoma hayo nilijiambia, ikiwa inatuliza mkono ulioshika bastola, karatasi yangu itaishinda?

Daktari alisisitiza niijaribu kwanza siku isiyo na mkutano. Ushauri huo ushike sana. Jumapili moja nilimeza kidonge, halafu kwa ujinga wangu nikapanda mlima wa Riat kwa miguu kumtembelea rafiki. Miguu ilikuwa mizito kama nimebeba robota la nguo. Moyo ulikataa kuongeza mwendo, na ncha za vidole zikawa baridi. Kama ingekuwa siku ya hesabu, ningedhani nakufa.

Kisha akaja mdogo wangu kutoka Ahero. Alikuwa na mahojiano ya kazi, akaniomba vidonge viwili tu. Nilishavitoa kwenye pakiti ndipo nikakumbuka. "Bado unatumia ile inhela?" Akasema ndiyo, usiku hasa. Nikavirudisha mbio. Propranololi inaweza kubana njia za hewa za mwenye pumu, na mbaya zaidi, inhela ya kumwokoa inaweza isimsaidie. Alinuna wiki nzima. Bora anune. Mwenye kisukari anayetumia insulini naye aseme kwanza kwa daktari, kwa sababu dawa hii huficha ule mtetemo na mdundo wa moyo unaomwonya kwamba sukari inashuka. Anayeimeza kila siku asiiache ghafla. Na pakiti ifungiwe kabatini: vidonge vingi kwa pamoja vinaweza kuua. Ukiwa na mawazo ya kujidhuru, mwambie daktari kabla hajaandika chochote.

Mimi naitumia kwa tukio moja. Kama hofu inakuamsha kila siku na kukunyima usingizi, sidhani kidonge hiki ndicho unachohitaji; mshauri nasaha au matibabu mengine yatakufaa zaidi.

Siku ya mkutano nilimeza saa moja kabla. Watu hawakuambii kwamba woga wenyewe haukuondoka. Kichwani bado nilikuwa nasikia "huyu amekula, huyu amekula". Ila mikono haikuitikia. Niliishika karatasi, ikanyamaza. Nilisoma mpaka ukurasa wa mwisho, nikauliza kama kuna swali, na mzee mmoja wa nyuma akainuka, akataka kujua kwa nini pesa ya chai imepanda hivyo.

Nikamweleza bei ya sukari. Akaketi.