Rimoti ya gari ikianza kugoma, pima betri ya gari kwanza

Wadau, kuna kitu kinawala watu hela kila siku na kinaniuma kweli. Gari inaanza kusumbua kufunguka, leo ukigusa kitasa inafungua kesho kimya, mtu anakimbilia kwa fundi wa funguo anaambiwa smati kii (hiyo rimoti yenyewe) imekufa, lete laki kadhaa tukuprogramie mpya. Kumbe iliyochoka ni betri ya gari yenyewe.

Jirani yangu mmoja hapa Dar yalimkuta hayo. Gari ilikuwa inawaka ila stata inavuta kwa uzito, halafu taa ya ABS (ya breki) na ya stelingi zinawaka zenyewe zinazima, saa ya dashibodi inajiseti upya. Alishapigiwa hesabu ya ufunguo mpya na kontroboksi (kompyuta ya gari) juu. Nikamwambia dada subiri kwanza nije na mita ya kupimia umeme, asubuhi kabla hajawasha tukapima betri ikasoma volti 11.9. Betri ya hivyo iko hoi, rimoti unaionea tu. Akafunga betri nyingine na zile taa zote hazijarudi tena.

Sababu ni kwamba hata ukishapaki, mfumo wa kufungua bila ufunguo haulali, antena za milangoni zinatuma mawimbi ya kuita ufunguo, ufunguo ukijibu kompyuta inahakiki, ndo mota ya loki inazunguka. Vyote hivyo vinakula kwenye betri ya volti 12. Umeme ukipungua kompyuta moja inazima, nyingine inajiwasha upya, zinaanza kutunza makosa ambayo hayapo, na stelingi ya umeme ndo inalalamika mapema kwa sababu inakula umeme mwingi.

Nunua mita, zile za bei rahisi zinatosha kabisa. Gari ikiwa imelala usiku mzima, volti 12.6 betri imejaa, 12.4 bado nzuri, 12.2 iko kama nusu, chini ya 12 imeisha. Halafu mwambie mtu apige stata we unaangalia mita, ikishuka chini ya 9.6 betri imechoka hata kama asubuhi ilisoma vizuri, hiki kipimo ndo watu wengi hawakifanyi. Gari ikiwaka isome kama 13.8 mpaka 14.5 hivi, ikibaki 12 na inazidi kushuka basi altaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka, haichaji na ukifunga betri mpya nayo itakufa. Angalia pia vichwa vya betri, ule unga mweupe au wa kijani unazuia umeme, osha kwa maji ya moto na ukaze vizuri.

Sasa ufunguo nao una kabetri kake kadogo ka volti 3. Kuvitofautisha ni rahisi, chukua ufunguo wa akiba, ukifanya kazi vizuri basi tatizo ni kabetri ka ule wa kwanza, bei yake ndogo tu. Funguo zote mbili zikisumbua na taa za ndani zimefifia, nenda kwenye betri ya gari. Na usitundike ufunguo ukutani karibu na gari lilipopaki, vinaitana usiku kucha vinamalizana chaji.

Joto la Pwani linaua betri haraka kuliko baridi ya Njombe, ongeza foleni na AC na safari fupi fupi, halafu mtu kafunga traka (ya kufuatilia gari lilipo), dashikamu na spika kubwa ambazo waya zake zimeunganishwa hovyo hazizimi gari ikizimwa. Hapo betri mpya unaimaliza mapema sana.

Ukikwama nje, ndani ya rimoti kuna ufunguo wa chuma, vuta kale kakifungio utoe. Kabetri ka rimoti kakiisha, Toyota nyingi zinawaka ukigusisha rimoti kwenye batani ya kuwashia huku umekanyaga breki. Ila betri ya gari ikiwa imekufa hiyo haisaidii, hapo ni kubusti tu, yaani kuazima umeme wa betri ya gari jingine kwa waya, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi ya mwisho funga kwenye chuma cha injini mbali na betri. Wenye Toyota Prius za zamani, betri yenu ya volti 12 iko nyuma na buti inafunguka kwa umeme, kwa hiyo bustini kwenye kile kichwa chenye kifuniko chekundu ndani ya boksi la fyuzi chini ya boneti, lile betri kubwa la haibridi haliwezi kuwasha gari bila hii ndogo.

Na kabla fundi hajachomoa betri muulize kuhusu redio, redio nyingi za Kijapani ukikata umeme zinajifunga zinaomba kodi (namba ya siri ya kuifungua) na we huna, bora ashikilie umeme kwa betri nyingine wakati anabadilisha.