Babu alikuja na namba, leo sisi tunauliza wenzetu "kwenu wapi?"

Mhariri habari za kazi. Swali lenu la wiki hii limenigusa penyewe. Mmeuliza kwamba miji midogo ya wakulima kule Japani na Italia inaisha watu, na huku kwetu vijana wanayakimbia mashamba, je wageni wakaribishwe waje kuishi na kulima au wenyeji wajilindie chao? Mi nimezaliwa kambi ya mkonge upande wa Muheza, sa hivi naishi Tanga mjini, na jibu langu ni wakaribishwe na wapewe ardhi kabisa, sio kibarua tu, maana sisi tushaona mtu akipewa kazi bila ardhi mwisho wake unakuwaje.

Babu mzaa baba alitoka Kigoma. Enzi hizo wenye mashamba walikuwa na ofisi yao ya kutafuta vibarua, SILABU, ilianzishwa 1944, ikawa inaleta watu Tanga kutoka Kigoma, Songea, Njombe, Burundi, mpaka Wamakonde wa Msumbiji. Waliitwa manamba kwa sababu mtu alijulikana kwa namba. Unapewa kipande, yaani kadi ya kuweka alama siku ulizofanya kazi, ukishafanya kazi siku 30 kimejaa, unalipwa. Kipande cha babu baba anacho mpaka leo, amekifunga kwenye mfuko wa nailoni ndani ya sanduku pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa, kona moja imeliwa na mende, na ukiangalia vile visanduku vya siku kuna viwili havina alama. Baba anasema ndo siku aliyozaliwa shangazi na ya pili yake, babu hakwenda kukata mkonge.

Hata mkonge wenyewe mgeni. Uliletwa 1893 na Mjerumani mmoja, Hindorf, alisafirisha miche 1,000 ikafika hai 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Ndo hiyo 62 iliyokuja kujaza Muheza, Korogwe, mpaka Mombo, na kufika 1964 nchi ilikuwa inatoa kama tani 230,000 kwa mwaka. Halafu zikaingia kamba za nailoni bei ikaanguka, serikali nayo ikachukua mashamba mengi 1967, mambo yakawa yanashuka tu, mwishoni mwa miaka ya 90 hata tani 30,000 hazifiki.

Kambini kwetu mashine ya korona, ile ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, ilizimwa nikiwa darasa la nne. Ile korona ilikuwa inapiga kelele usiku na mchana, na lile tope la majani yaliyosagwa linanuka hadi ndani ya shuka, ilipozimwa mama alikuwa anaamka usiku anasema hawezi kulala kimya kimekuwa kingi. Sasa hapa ndo penye jibu langu. Nyumba zilikuwa za shamba, ukiacha kazi unatoka, hata mgomba uliopanda nyuma ya jiko sio wako. Kwa hiyo kazi ilipoisha watu hawakuwa na cha kuwashika, wakaondoka kama maji, wengine Tanga, wengine Dar, wengine Kigoma ambako hata hawajawahi kukaa. Wabondei wa vijiji jirani shida walikuwa nayo hiyohiyo, ila wao wana michungwa na minazi ya wazee wao, basi wengi wapo mpaka leo. Watu husema vijana wanafuata taa za mjini, mi nasema mulizeni kwanza kijana huyo huko alikotoka alikuwa anamiliki nini.

Na msije mkasema mkoa unaisha watu. Sensa ya 2012 Tanga tulikuwa 2,045,205, ya 2022 tukawa 2,615,597. Watu wapo, ila kambi kama yetu ndo zinabaki mapaa matupu. Mwaka jana tulimzika jirani yetu mmoja mzee sana, kaburi likaanzwa na wanaume watatu wote wana mvi, wakafika kiunoni wakashindwa, udongo mgumu, ikabidi maiti isubiri mpaka vijana watoke Muheza mjini na bodaboda. Baba alikaa pembeni ya shimo ameshika koleo analia, na sidhani alikuwa anamlilia marehemu peke yake.

Halafu hapohapo kuna kijana kaja na mkewe na watoto wawili, katoka huko huko Kigoma, anakodi shamba la machungwa la mjane mmoja lililokuwa limeshakuwa pori. Kalifyeka lote, kapogoa, kapanda mihogo katikati. Kaomba kijiji kimpe heka mbili zake mwenyewe, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inamruhusu hata kama sio mzaliwa wa hapo, na nani kasimama kumpinga? Wajukuu wa manamba. "Wageni wakizidi watatumeza." Niliposikia niliumia sana, maana na sisi mpaka leo tukienda popote tunaulizwa kwenu hasa ni wapi, tunajua inavyochoma.

Hapahapa mkoani, Handeni, tuna mfano. Wazigua waliochukuliwa utumwani Somalia karne ya 19, wajukuu zao walikimbia vita ya 1991 wakarudi huku bado wanaongea Kizigua, wakakaa kambini, baadae wakapelekwa Chogo wakapewa mashamba na wengi wakapewa uraia. Wanalima. Handeni haijamezwa. Na huko Italia mnakokutaja, kijiji cha Riace 1998 kilifikiwa na boti ya Wakurdi, wakapewa nyumba zilizoachwa na wenyewe waliohamia mbali.

Wanaoogopa nawaelewa, ardhi ikishauzwa ovyo hairudi, na wapo wajanja wa mjini wanaochukua heka hamsini wakaweka uzio wasilime hata bamia. Hao wanyimwe. Ila anayekuja na jembe na watoto wa kuandikisha shule sio wa fungu hilo.

Mkutano wa kijiji wa kujadili ombi lake ni Jumamosi hii. Baba kasema anaenda na kile kipande cha babu mfukoni, atakisoma mbele ya watu, na mimi nitapanda gari la kwanza pale Kange niwahi kukaa karibu yake.

Msomaji, Tanga