Ng'ombe hashiki mimba, nimuuze?

SWALI: Shikamoo mzee. Ninalima mahindi na maharage, na nina ng'ombe wawili wa maziwa. Mmoja alizaa mwaka jana, ndama ameshaachishwa ziwa, lakini mama hajashika mimba tena. Tumemletea fahali wa jirani mara kadhaa, kazi bure. Msimu huu wa palizi tunatoka alfajiri na kurudi magharibi, ng'ombe tunawaacha wamefungwa na majani yao. Mke wangu anasema ni tasa, tumuuze. Nifanye nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza msimwite tasa. Barua yako imenionyesha jambo jingine: ng'ombe wako hana wa kumtazama.

Joto la ng'ombe, yaani hamu yake ya kupandwa, hurudi kila baada ya siku 21 hivi, na muda wa kukubali kupandwa mara nyingi hautimizi hata siku nzima. Wengi huanza usiku au alfajiri. Ninyi mnapotoka na majembe ndio kwanza anahangaika, mkirudi ameshatulia. Halafu umewafunga wote wawili! Dalili ya kweli ni ng'ombe kusimama kimya akipandwa na mwenzake, sasa aliyefungwa atapandwa na nani? Wafungulie pamoja asubuhi kabla ya kwenda shamba, na tena jioni, nusu saa inatosha, na mtu mmoja akae awaangalie. Mtazame na nyuma. Ute angavu usio na rangi unaovutika na kugandia mkiani, manyoya yaliyosuguka juu ya shina la mkia, matope ya kwato mgongoni: hizo ni habari za usiku. Ukiona ute wenye damu, ujue joto limeshapita. Andika tarehe hiyo, kisha anza kumvizia wiki ya tatu.

Akionekana asubuhi, apandishwe jioni. Akionekana jioni, apandishwe kesho yake asubuhi. Fahali anayeletwa siku jirani alipopata nafasi atampanda bure, au hatakubaliwa kabisa.

Na huyo fahali, uliza habari zake. Je, majike wengine aliowapanda wameshika mimba? Kuna maradhi ya uzazi yanayoambukizwa kwa kupandana, na dume la kuzungushwa zizi kwa zizi huyabeba bila kuonyesha ugonjwa wowote. Kama na wenzako wanalalamika, achana naye, umwite mtaalamu wa uhimilishaji, anayepandikiza mbegu za dume kwa mrija. Tena kama ndiye baba wa mtamba wako, yaani jike ambaye hajazaa, asimguse kamwe binti yake.

Hukuniambia ng'ombe ana hali gani ya mwili. Ng'ombe anayekamuliwa hutoa maziwa kwanza, mwili wake baadaye. Akikonda mpaka mbavu zikahesabika, joto hupotea. Mabua makavu hujaza tumbo tu. Changanya na marando ya viazi au majani ya mikunde, mwekee chumvi ya madini, na maji yasikauke hata siku mnayochelewa shambani. Hili la maji naliona sana msimu wa kazi, na linaniuma, maana mnyama hana namna ya kudai.

Akipandwa, tarehe iandikwe ukutani au kwenye daftari la mtoto, popote isipopotea. Mtazame tena kati ya siku ya 18 na ya 24. Asiporudia joto, subiri miezi miwili hadi mitatu, daktari wa mifugo ampime mimba. Mimba ni siku 280 hivi, kwa hiyo anayetaka ndama kila mwaka anatakiwa apate mimba ndani ya miezi mitatu ya kuzaa. Wewe umeshachelewa, lakini hujapoteza ng'ombe.

Jambo moja usilisubirishe: kama alichelewa kutoa kondo la nyuma alipozaa, au anatoa usaha, mwite daktari wiki hii, kabla ya fahali yeyote. Daktari akikuta kizazi kimeharibika kabisa, hapo nitakuwa upande wa mkeo.